Mteja wa Machi

Kila Machi anakuja, mvua zikipungua,
viatu vimepakwa vumbi jeupe la machimbo,
anapita kati ya vyungu vyangu
kama mtu aliyeitwa kituoni kumtambua mwizi:
si huyu. Si huyu. Wala huyu.

Anaitwa Deolinda, wa Estremoz,
ila ukimwuliza atakwambia yeye si wa hapa.
Ni wa Faial, kisiwani,
ambako ua wa shamba si waya wala ukuta,
ni hidrenjia, kilima hadi kilima,
ng'ombe upande huu, ng'ombe upande ule,
na katikati maua makubwa kama vichwa vya watoto,
buluu, buluu, hadi macho yachoke.
Mimi sijafika. Nasema asemavyo.

Alikuja na kijiti kimoja ndani ya soksi mbichi
mwaka alioolewa na Hermínio mkata mawe.
Kikashika. Kikatoa majani mapana, kikanenepa.
Mwaka wa tatu kikafumbua:
waridi.
Rangi ya ufizi, alisema.
Rangi ya sabuni ya hotelini.

Nilimweleza, maana ndiyo kazi yangu:
mmea huu, Bi Deolinda, hauna rangi yake.
Huonja udongo kwanza, ndipo useme.
Kwenu ni udongo wa volkano, mchachu, nao husema buluu.
Hapa tumejenga juu ya chokaa.
Mtaka cha uvunguni huinama, sawa,
lakini uvunguni mwako kuna marumaru tupu,
na ukuta wako, kila ukinyeshewa,
unaichuruzia mizizi chokaa zaidi.
Chagua kichaka kinachopenda ulipo.

Nikamwonyesha rozmari, inayonawiri ikinyimwa;
lavenda; mkomamanga mfupi wa mapambo;
mhadasi, ambao ukiufikicha jani
mkono unanukia hadi saa ya kulala.
Akanunua vyote. Akavipanda vizuri, kwa nafasi,
kila kimoja akikipimia kimo cha utu uzima wake,
si kama wale wanaobananisha miche
halafu baada ya miaka minne wananijia na shoka na lawama.
Vyote vikastawi.
Akarudi.
"Na ya buluu?"

Alizika misumari yenye kutu, kilo mbili.
Alizika machicha ya kahawa ya mkahawa wa Zulmira.
Alikinga mvua kwa pipa, maji ya bomba akayasusa.
Mwaka wa sita nikamwuzia sulfeti ya alumini,
nikamwonya: kijiko, si bakuli.
Akatia bakuli.
Nusu ya kichaka ikaungua, na nusu iliyobaki,
kwa ukaidi mtupu, ikachanua waridi.

Hermínio alicheka sana, kikohozi kikamkatiza.
Kifua chake kilikuwa kimeshajaa mawe.
Akaanza kuchonga, jioni, bila kumwambia mtu,
hori la kupandia, la kipande kimoja,
refu kama mtoto wa miaka kumi akilala,
pembeni akalichonga mawimbi.
Baridi tatu alichonga.
Ya nne hakuiona.

Niliitwa kusaidia kulibeba, tulikuwa wanaume watano.
Nikaliona, nikanyamaza.
Marumaru ni chokaa iliyovaa nguo za harusi:
ukitaka hidrenjia isahau buluu milele,
ipande humo.
Naye alijua. Nilimfundisha mwenyewe.
Akashika koleo, akakihamishia humo kichaka,
akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili,
hakuniuliza kitu.

Mwaka huu alikuja tena.
Si huyu, wala huyu. "Na ya buluu?"
Hakuna, nikasema.
Akanunua mfuko wa mboji na mkasi mpya,
nikamkumbusha asikate matawi ya mwaka jana,
maua hutokea kwenye mti wa zamani.
"Najua," akasema.

Juni nilipita kwake.
Hori limejaa hadi midomo, waridi iliyokolea
kuliko yoyote niliyowahi kuuza.
Akanivuta upande wa kaskazini, akainua tawi:
"Tazama hili. Pembeni. Si kama linaelekea zambarau?"
Nilitazama kwa muda mrefu.
Mimi ni muuza miche. Naona waridi.
"Kidogo," nikasema.