Sura ya Tisa

Ukurasa wa tatu ulikuwa na bisibisi mkononi,
ukifungua injini ya pikipiki ya marehemu babako,
grisi hadi kiwikoni,
ukiitukana nati iliyoshika kutu.
Nikakupenda papo hapo.

Sura ya tisa akaja yule mwenye taya la kuchonga,
akaegemea kabati, akakuita kitoto,
nawe, fundi mzima, ukalegea kama mlenda.
Bisibisi uliiweka wapi?

Mama anagonga: Solveig, samaki anapoa!
Hapa Tromsø jua halijachomoza tangu Novemba.
Nasoma tu.
Mwishoni mnabusiana mvuani.
Pikipiki haikuwaka.

Kesho nakurudisha maktaba.
Ila nimekuachia alama, ukurasa wa tatu,
usije ukapotea tena:
risiti ya duka la vipuri.