Jozi

Sanduku la zana la baba halifunguki bila teke.
Ndani: spana kumi na saba, spana kumi na tisa,
spana ya ishirini na mbili aliyoikata mpini
ili ipite kati ya chesisi na mkono wa chini;
nyundo ya shaba, isiyoumiza nyuzi za bolti;
bomba la grisi; patasi butu; koleo lisilo na meno;
maganda ya jozi, kwa sababu panya wa Kutaisi
nao wana ghala.
Na chuma kirefu chenye nyuzi,
nati yake, na kucha mbili za kushikia springi.
Kimoja.

Volga imeinamia kushoto tangu Februari
kama mtu anayetega sikio ukutani.
Mpira wa bushi umekuwa makombo. Kingpini inacheza.
Ukivuka reli pale karibu na soko
usukani unakueleza habari zote.

Springi ya mbele ni nene kama kidole gumba cha baba.
Imekaa mle miaka sitini, imekunjwa, imenuna.
Ukiilegeza ovyo itatoka na meno yako,
itatoboa bati la gereji, na jirani ataiona kabla yako.
Ndiyo maana hubanwa kwa vyuma viwili,
nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule,
kwa zamu, kama watu wanaoteremsha jeneza.
Ukitumia kimoja, springi hupinda kiuno
ikakutazama.

Cha pili kiko kwa Ramazi, ng'ambo ya ukuta.

Walivitengeneza pamoja, yeye na baba,
kwenye kiwanda cha malori, zamu ya usiku,
kutokana na shafti ambayo kiwanda hakikujua kimeipoteza.
Kisha ikaja habari ya beringi.
Baba akasema, umeniuzia kuukuu iliyooshwa kwa petroli.
Ramazi akasema, masikio yako, Otia, ndiyo makuukuu.
Wakagawana kibanio kama ndugu wanavyogawana shamba.
Miaka kumi na mmoja. Hata msibani
alisimama langoni, kofia mkononi, akarudi.

Sitalitaja lile la kidole kimoja na chawa.
Nilifua ovaroli, nikajaza bakuli jozi za mwaka huu,
nikabisha.

Hakusema karibu. Alisema, "Gari gani, Tsiala?"
kana kwamba kuna jingine.
Akaja na chuma chake kimeviringishwa gazeti
lenye picha ya waziri ambaye hakuna anayemkumbuka.
Kilikuwa kimepakwa mafuta. Nyuzi zote safi.
Chetu kilikuwa na kutu nusu ya urefu;
akakiona, akanyamaza, akatafuta brashi ya waya.

Tukabana. Yeye kulia, mimi kushoto.
Nusu mzunguko.
Nusu mzunguko.
Springi ikalia mara moja, kama mlango wa kanisa,
ikafupika, ikashuka mikononi mwetu nzito, tulivu.
Kwa nyundo ya shaba akaigonga kingpini mara tatu.
"Hii," akasema, akiigeuza kwenye mwanga,
"haijaona grisi tangu afe."
Kweli.
Mimi nilidhani ule mlio ni wa majonzi.

Jioni tulivunja jozi kwenye jiliwa,
ganda kwako, ganda kwangu, chembe za chuma zikilia menoni.
Habari ya beringi hakuna aliyeigusa.
Imo mle mle, gurudumu la kulia.
Asubuhi, kabla ya kubisha, niliizungusha kwa kidole:
haikutoa hata neno.

Leo nimefungua sanduku, kwa teke,
nikakuta chuma chenye herufi ya jina lake karibu na nati.
Amechukua chetu.
Huenda alikosea; taa ya gereji ni hafifu,
naye ana miaka themanini na miwili.
Sijaenda kuuliza.
Upande wa kulia nao una springi.