Rudi Nyuma Kwanza

Usiiguse bado, Hatibu. Imetoka Pongwe sasa hivi,
injini inalialia kwa joto.
Mwambie mwenyewe akanywe kahawa,
akamsalimu shangazi yake Barabara ya Kumi na Tano,
arudi adhuhuri ikishapita.
Alumini ya moto ni muhogo ulioiva,
na spana haina macho.

Mimi niliwahi kuwa na haraka.
Pikipiki nyekundu ya Semkiwa, muuza barafu,
kreti inachuruzika hadi kizingitini kwa fundi cherehani,
na yeye kanisimamia kichwani: "Binti, kaza twende!"
Nikakaza.
Nikaongeza, maana nilikuwa msichana peke yangu gereji nzima
na wanaume sita walikuwa wameacha kazi
kuutazama mkono wangu.

Miezi minane, ikarudi. Plagi haitoki.
Chumvi ya mji huu hakuna mlango isioujua:
imekula mabati ya Chumbageni, imekula bawaba za msikiti,
ikashindwaje na uzi mwembamba vile?
Tuliilaza na mafuta usiku kucha.
Asubuhi fundi Kupaza akashika spana, akavuta pumzi,
tukasikia sauti ndogo,
ya mtu aliyetafuna kijiwe kwenye wali.
Kichwa cha plagi mkononi. Kiwiliwili ndani.

Hakunigombeza. Alinipa daftari
nikaliandika deni kwa mwandiko wangu mwenyewe:
mkereza vyuma wa Mabawa, kutoboa, kuchonga, kuvisha uzi mpya.
Miezi saba. Chai ya rangi, miezi saba.

Haya, njoo. Gusa. Imepoa.
Puliza kwanza; mchanga wa njiani umejaa kishimoni,
ukifungua hivi hivi utaulisha injini.
Legeza. Ikigoma usishindane nayo:
tia mafuta, irudishe, ilegeze tena,
unamvua pete mtu aliyevimba kidole.
Itazame uso. Rangi ya korosho iliyokaangwa,
basi injini hii inakula vizuri.

Hii mpya usiiamini kwa sababu ya boksi.
Pima mwanya wake. Futa uzi, wa plagi na wa kichwani.
Grisi ya shaba, kiasi cha wanja,
meno ya katikati tu, isishuke kwenye ncha
ikaizimisha cheche.

Sasa weka spana chini.
Mbali.
Nimesema mbali.
Chukua kipande hiki cha mpira wa petroli, mvike plagi kofia.
Izungushe kushoto.
Ndiyo, kushoto. Acha wacheke.
Rudi nyuma kwanza, polepole,
mpaka uisikie inadondoka, tk,
mguu uliopata ngazi gizani.
Umeisikia? Rudia. Mimi pia sikuisikia mara ya kwanza.
Hapo ndipo uzi unapoanzia.
Sasa kulia, vidole viwili.
Mpira ukiteleza umeingia upande: toa, anza upya.
Mpira una haya. Spana haina.

Ikigota, ndipo uombe spana.
Nusu mzunguko, kwa kuwa washa ni mpya;
ya zamani ingetosha hata robo, hata chini ya robo.
Sikia washa inavyobonyea.
Hapo.
Hapo, Hatibu. Acha.

Najua mkono unataka kidogo zaidi.
Wangu mpaka leo unataka.

Semkiwa siku hizi ana bajaji.
Akipita hapa anapiga honi, anapaza sauti
barabara nzima isikie: "Umekaza?"
Namwonyesha vidole viwili.