Nusu na Unywele Mmoja

Wiki mbili kabla ya zabibu kuvunwa Shrosha
mjomba Jumber amelala kifudifudi juu ya shimo,
kichwa ndani ya mtungi uliozikwa hadi shingo,
anasugua, anatukana,
na matusi yanamrudia kwa sauti nzito kuliko yake.
Brashi ni mpya, ya mviringo, ameisuka mwenyewe
kwa magome ya mcheri, kubwa kama kichwa cha ndama.
Kuta zinang'aa.
Mashapo ya mwaka jana yako palepale chini.

Lamzira hakuulizwa.
Amekaa ngazini, kompyuta mapajani,
betri asilimia kumi na tisa.
Anaandika: y ni sawa na x mara x,
na mtungi unajichora, mwembamba chini, mpana mdomoni.
Kisha duara. Kitovu chake amekifunga kwenye mhimili wa wima
kama mbuzi kwenye kigingi:
kipande, kishuke, kisiende kando.
Nusu-kipenyo amekipa herufi r,
na herufi r ameipa kitelezi.

Robo: duara linatulia chini kama yai kiotani.
Theluthi: bado limetua.
Nusu: limepajaza pale chini barabara,
mikunjo miwili imekumbatiana
hata hujui wino huu ni wa nani.
Nusu na unywele mmoja,
na duara linajing'oa.
Limekwama mabegani, huku na huku,
na chini yake kumebaki
kipande cha weupe, chembamba kama kucha iliyokatwa.

Anarudisha nyuma. Anasogeza mbele.
Weupe unazibwa, weupe unafunguka.
Anaukuza mpaka ujae skrini,
na hapo anamkumbuka mama yake, Bari,
anayemwogesha ajuza wa watu kila alfajiri,
ambaye kila mwezi fedha anazotuma zinaongezeka
na dakika za simu zinapungua.
Hakai sana hapo. Betri kumi na moja.

"Mjomba, ipunguze brashi."
"Nini?" unajibu mtungi.
"Ni kubwa mno kufika."

Kimya. Nyuki mmoja anazunguka mdomo wa shimo.
Kisha mkono unatoka, mweusi hadi kwapani,
vidole vinafumba na kufumbua, vinaomba kisu.
"Nipunguze kiasi gani?"

Lamzira anatazama skrini, inazimika.
"Kata tu," anasema.
"Kata mpaka iguse mahali pamoja."