Safu ya Neno

Jumatatu, ofisi ya ushirika, Isevya.
Feni inajivuta, kompyuta inaamka,
na takwimu zinajipanga:
wageni mia nne na kumi na wawili
wameingia kwenye tovuti yetu ya asali.
Dodoma, Mbeya, mmoja Maskati.
Saa waliyofika, ipo. Aina ya simu, ipo.
Neno walilolitafuta:
halikutolewa
halikutolewa
halikutolewa, mpaka chini kabisa.

Bi Nyanzala, mwenyekiti, anamenya karanga.
“Kwani walipobisha hodi hawakusema shida yao?”
Walisema, mama. Bawabu kalimeza neno.

Zamani safu hii ilikuwa na mdomo.
*asali ya nyuki wadogo bei*
*asali ikiganda ni feki*
*kikohozi cha mtoto usiku*
Na mara moja, saa tisa kabla ya alfajiri,
*nitajuaje kama ananipenda asali*,
nikacheka peke yangu,
kisha nikaongeza mstari mmoja chini ya bei za ndoo,
endapo atarudi.

Alhamisi Lugendo huja na ndoo zake kutoka Sikonge.
Huchovya kijiti, hulamba, hutazama ukutani.
“Mtundu,” husema. “Na muyombo, kwa mbali.”
Nyuki hakumwambia alikotoka.
Lakini nyuki huacha kitu ulimini.
Hawa mia nne na kumi na wawili
nitawalamba wapi?

Halafu nakumbuka Machi.
Taa imezimwa, mume amelala,
simu nimeifunika kwa khanga isimulike,
na kidole kinaandika polepole
*uvimbe titi la kushoto hauumi*.
Sikumwambia dada yangu. Niliiambia simu.
Ukurasa ukafunguka, wa hospitali fulani,
nikausoma mara nne.
Asubuhi yake, mahali nisipopajua,
mtu kama mimi alifungua safu kama hii,
akakuta mgeni mmoja, Tabora, saa nane usiku,
halikutolewa.
Labda alisonya.
Mungu ambariki aliyelimeza neno lile.

Kwenye ripoti sikubahatisha.
Niliandika: Walikuja. Walikaa dakika mbili na nusu.
Tisa walipiga simu.
Bi Nyanzala akapangusa maganda mapajani,
akasoma, akageuza karatasi kutazama nyuma.
“Na asilimia ziko wapi?”