Namba Nzima

Barua ya kwanza ilikuja na gari la dizeli
kutoka makao makuu, Tanga mjini:
Karani, tupe idadi ya wafanyakazi wa shamba.
Nikasimama mlangoni pa korona saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu wa Muheza ukinilowesha daftari,
nikahesabu vichwa:
kofia, vilemba, upara mmoja.
Mia moja kumi na viwili.

Barua ya pili ilikuwa na mhuri.
Hatukuuliza vichwa.
Saa arobaini na tano kwa wiki, huyo ni mtu mmoja.
Aliyepungua, mgawe.

Basi nikakaa na kikokotoo, nikawagawa.
Mwantumu wa kwenye brashi, saa ishirini na saba
(mchana ana mama asiyejigeuza kitandani):
sufuri nukta sita.
Hilda Semkiwa, anayeanika singa Jumatatu na Alhamisi,
sufuri nukta nne.
Nikawajumlisha, wakawa mtu mmoja.
Niliwaambia wakati wa uji, wakacheka
hadi Hilda akamwaga kikombe.
"Haya, mimi miguu," akasema, "wewe mdomo."

Kibwana mlinzi alizidi.
Saa hamsini na nne, moja nukta mbili.
Nikapiga simu mjini. Sauti ikanijibu:
hakuna mtu anayezidi moja, kata.
Nikakata.
Kibwana akaniuliza taratibu, tochi kwapani,
hizo mbili zake za usiku
ameilindia kampuni ipi.

Na mimi? Jina langu lilikuwa kwenye orodha mbili,
ofisini asubuhi, kwenye mizani ya robota jioni.
Nilipohesabu vichwa nilijifuta mara moja.
Nilipohesabu saa nilijiacha kote kuwili,
nusu na nusu,
nikaona ajabu kwamba nimetimia.

Babu yangu aliwahi kukata mkonge humu humu.
Alikuwa na kipande, kadi ya visanduku thelathini,
na mwezi wake haukuandama angani,
uliandama siku kisanduku cha mwisho kilipojazwa.
Kadi ile tulikuwa nayo hadi mchwa walipoimaliza.
Sisemi mambo ni yale yale.
Mimi nina kiti, nina feni,
na hesabu yangu, ukiniuliza, ni ya haki:
mwenye kutaka kujua kazi ahesabu saa.
Robota haijui imefungwa na wangapi.

Jumla: sabini na tisa nukta nne.
Niliiandika kwa wino, nikapiga mstari chini.
Lakini mkono ulirudi wenyewe kwenye ile ya kwanza,
ukatoa moja kwenye nyingine:
thelathini na mbili nukta sita.
Nikachungulia dirishani kuwatafuta hao waliopungua.
Uwanja ulikuwa umejaa.

Mwezi wa saba Ntahondi akafa,
mzee wa Kigoma, mfagiaji wa siku mbili kwa wiki.
Nukta nne.
Nikamtoa, ikabaki sabini na tisa kavu,
na mjini wakafurahi: safari hii, karani,
umetupa namba nzima.

Nzima.

Kaburi tulilichimba watu tisa, kwa zamu,
udongo mwekundu, mizizi migumu.
Hakuna aliyepima saa.
Lilikuwa refu kama la mtu yeyote,
na sanda aliyoikata Mwantumu
haikupungua upande.

Jioni ile nikarudi kufunga ofisi.
Mwanakombo wa jikoni alikuwa amesimama kizingitini
na mwiko wake, unga umemganda hadi kiwikoni.
Hajawahi kuniomba ripoti.
"Karani, kesho nipike ya wangapi?"
Nikafungua daftari ukurasa wa sabini na tisa,
nikaufunga.
"Mia moja na kumi na moja," nikamwambia.
Akabaki amesimama, kama anayesubiri niseme tena,
kisha akaenda kupunguza kikombe kimoja,
kizima.