Mama Sifuri

Kabla ya gunia la kwanza
nafuta vumbi kwenye sahani ya chuma,
nasubiri mshale urudi sifuri.
Wapakizi wa Kibaigwa wananicheka:
Mama Sifuri, mahindi hayataki sala.

Si sala.
Niliyapata haya nikiwa na fagio mkononi,
miaka ile nilipokuwa mfagizi chuoni Dodoma,
kule juu ambako upepo wa Julai
hurudisha vumbi kabla hujageuka.
Darasa la jioni, mlango wazi,
mwalimu Shen na sweta lake la kijivu,
Kiswahili chake kikienda polepole
kama mtu avukaye korongo na mtungi kichwani,
akachora ubaoni kisanduku
na mstari mmoja wima uliokipasua.
Hii ni kati, alisema.
Si nusu. Si woga wa kuchagua.
Ni pale kitu kinapotulia
baada ya kutikiswa pande zote.

Kesho yake nilikuta kiti mlangoni.
Hakuna aliyesema ni cha nani.

Hapo ndipo nilipomsikia mzee Konfusio,
aliyetanga nchi hadi nchi
akitafuta mtawala mwenye masikio,
akarudi kwao mikono mitupu
kufundisha watoto wa watu.
Nilimwelewa. Nimewahi kutembeza karanga stendi.
Na aliposema Shen kwamba adabu
ni moyo uliovaa nguo za kazi,
nilimkumbuka bibi, kwetu Kongwa,
alivyonirudisha mlangoni mara tatu
mpaka mbukwenyi yangu itoke pamoja na uso wake.

Kukaa kimya tulifundishwa mwishoni:
mgongo wima, mikono mapajani,
fikra ikija usiifukuze,
ila usiikaribishe chai.
Mpaka leo nakaa, alfajiri, nyuma ya ghala,
muda wa uji wa uwele kuchemka.
Mara nyingi nashindwa.
Ada ya mtoto huja, mbuzi wa jirani huja,
na Chedego, kaka yangu, huja na viatu vyake,
yeye aliyeuza ng'ombe kumi na mmoja wa baba
mimi nikideki sakafu za watu,
akanijulisha kwa ujumbe wa simu.

Leo amekuja kweli.
Magunia arobaini, na tabasamu.

Nyuma ya mizani kuna skrubu.
Robo mzunguko, kilo mbili kila gunia,
mara arobaini: ndama mmoja, tuseme.
Kidole changu kilifika pale kabla yangu.
Kifuani mashine ya kukoboa ilikuwa imewashwa.

Shen aliwahi kuchora alama nyingine,
"kama" imekaa juu ya "moyo",
akasema someni wenyewe, akafuta ubao.
Miaka tisa sikuisoma.

Nikavuta pumzi. Moja. Mbili.
Ya tatu ilikuja na vumbi.
Ya nne nilimchukia upya.
Kwenye ya saba sikupata amani, nisidanganye,
ila kidole kilishuka.
Nikafuta sahani. Mbukwenyi, nikasema,
na uso wake.

Gunia la kumi na tisa lilipungua kilo sita.
Chedego akapaza sauti soko zima lisikie:
dada yangu mwizi, mizani yake imeliwa!
Ningeweza kuyataja ng'ombe kwa majina yao.
Nikamwambia, panda wewe, ujipime.

Akapanda na viatu na kofia na hasira.
Mshale ukayumba, ukatafuta, ukasimama:
arobaini na tisa.

Mtu aliyenibeba mgongoni
tukivuka mto Kinyasungwe ukiwa umejaa.

Akaitazama ile namba. Nami nikaitazama.
Wapakizi wakapata cha kufanya kwingine.

Habari ya ng'ombe nitaiuliza, ina siku yake.
Leo nilimuuliza kama amekula.
Akashuka bila kujibu, akashika ukingo wa chuma,
na mshale ukachukua muda wake
kurudi.